Mlango wa Mto Omo na Wavuvi Wake

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza darasani swali ambalo sikuweza kulijibu kwa neno moja. Alisema, "Mwalimu, Ziwa Turkana lina urefu wa kilomita 250 hivi. Kwa nini basi wavuvi wa Lowarengak wapeleke mashua zao kaskazini, mpaka kwenye mlango wa Mto Omo penye hatari, hali maji tele yako mbele ya nyumba zao?" Nilimwomba angojee. Insha hii ndiyo jibu lake, nami nimeiandika kwa ajili yake na kwa ajili yenu ninyi nyote mnaosoma historia, kwa sababu swali lile ni dogo kwa maneno lakini ni kubwa kwa maana. Ndani yake mna habari za maji, za samaki, za njaa, za mipaka ya nchi, na za damu iliyomwagika.

Kwanza na tupajue mahali penyewe. Msafiri atokaye Lodwar hufuata kwa kitambo njia kuu iendayo Kakuma, kisha huiacha na kushika njia ya kaskazini mpaka Lokitaung, mji mdogo ulio vilimani, ambako Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950. Kutoka Lokitaung njia huteremka katika korongo la mawe lenye joto kali. Nchi yote huwa ni changarawe, miiba na vumbi. Ndipo korongo linapokwisha, na jicho la msafiri likaona jambo ambalo halikulitazamia: maji ya kijani yasiyo na mwisho, mikoma michache, na mashua zilizovutwa ufuoni. Hapo ndipo Lowarengak. Ukiendelea na ufuo huo kwenda kaskazini utafika Todonyang, na mbele kidogo ni mpaka wa nchi ya Uhabeshi, yaani Ethiopia. Huko ndiko Mto Omo unakoingia ziwani.

Sasa na tufanye hesabu kidogo. Katika nchi ile mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 250. Jua na upepo, kwa upande wao, huyanyonya maji ya ziwa kwa kiasi cha zaidi ya mita 2 kila mwaka. Tena Ziwa Turkana halina mto utokao. Maji yakiingia hayana njia nyingine ya kutoka ila kupanda angani kuwa mvuke, na chumvi yake hubaki nyuma. Ndiyo sababu maji hayo yana ladha ya magadi. Mtu mwenye akili atauliza: ikiwa ziwa hupoteza mita 2 kila mwaka, na mvua hairudishi hata robo mita, mbona halikukauka zamani? Jibu ni Mto Omo. Mito ya Turkwel na Kerio huingia ziwani pia, lakini hiyo ni mito ya msimu, na mara nyingi huonekana mchanga mtupu. Omo peke yake, utokao katika milima ya Ethiopia yenye mvua nyingi, huleta kama sehemu 9 katika kila sehemu 10 za maji yote yaingiayo. Kwa hiyo mvuvi wa Lowarengak, ingawa hajaona wingu kwa miezi mingi, anaishi kwa mvua. Mvua hiyo hunyesha mbali, katika nchi ya watu wengine, tangu Juni hata Septemba, nayo humfikia kwa njia ya mto.

Walakini Omo hauleti maji tu. Huleta pia tope lenye rutuba. Furiko linapofika mlangoni, maji mekundu ya mto huenea juu ya maji ya kijani ya ziwa, na chakula cha samaki huongezeka. Matete na majani hufunikwa na maji, yakawa maficho ya vifaranga. Samaki wa namna nyingi huliona badiliko hilo kana kwamba wamepigiwa ngoma. Wako wanaokusanyika mlangoni kula. Na wako wanaopita mlango huo na kupanda mtoni kwenda kuzaa, kisha watoto wao hushuka pamoja na maji mpaka ziwani. Sangara mkubwa, ambaye Waturkana humwita iji na wachuuzi wengi wa Kenya humwita mbuta, hufuata nyuma kuwinda wadogo. Basi mahali palipo na mlo ndipo panapofika walaji, na mwisho wa walaji wote ni mwanadamu na wavu wake.

Tabia hii ya samaki kuingia mtoni kwa kuzaa si ya Omo peke yake. Katika pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada wako samaki waitwao samoni, ambao huzaliwa mitoni, hukulia baharini, kisha hurudi katika mito ile ile kuzaa. Samoni wengi wa bahari hiyo hufa baada ya kuzaa mara moja. Pamoja nao yuko mwingine, trauti aendaye baharini, ambaye huweza kurudi zaidi ya mara moja. Trauti huyo ni wa ukoo mmoja na trauti waliopandwa katika mito ya baridi ya Mlima Kenya wakati wa ukoloni. Huko Marekani wavuvi hungoja na mashua zao penye milango ya mito, kwa sababu wanajua kwamba samaki waliotawanyika katika bahari kubwa watabanwa pale katika njia nyembamba. Samaki wa Omo si samoni, wala hawatoki katika bahari ya chumvi. Lakini hekima ya mvuvi ni moja. Anayengoja mlangoni huona wote wapitao. Hilo, ewe mwanafunzi uliyeniuliza, ni jibu la kwanza.

Jibu la pili limo katika historia. Uvuvi wa ziwa hili ni wa kale kupita kiasi. Zamani sana, kiasi cha miaka 8,000 iliyopita, Afrika ya Mashariki ilikuwa na mvua nyingi kuliko sasa, na ziwa lilisimama juu ya kimo chake cha leo kwa mita 80 hivi. Lilipojaa lilifurika upande wa kaskazini-magharibi, na maji yake yakaungana na maji ya Naili. Kwa njia hiyo samaki wa Naili waliingia humo, na wazao wao wangalimo mpaka leo, ijapokuwa njia yenyewe imekwisha kukauka. Huko Lothagam, upande wa kusini-magharibi wa ziwa, wataalamu waliochimba ardhi katika miaka ya 1960 walipata mifupa ya samaki wakubwa pamoja na ncha za vyusa zilizochongwa kwa mfupa, zenye meno ubavuni ili samaki aliyechomwa asichopoke. Watu waliozichonga hawakuwa Waturkana wa leo, ambao walifika nchi hii baadaye sana. Lakini kazi yao ilikuwa hii hii: kusimama penye maji na kutafuta riziki ambayo nchi kavu ilikataa kuitoa.

Waturkana walipofika walikuja na ng'ombe, ngamia, mbuzi na punda, na heshima ya mtu ilihesabiwa kwa mifugo yake. Samaki hakuwa na cheo. Mwenye ng'ombe wengi alikunywa maziwa na damu, wala hakuona haja ya kulowa. Aliyekwenda ziwani alikuwa ni yule ambaye ng'ombe wake wamekufa kwa tauni au wametekwa na adui. Vyombo vyake vilikuwa vya kimaskini pia. Alishika kikapu kirefu kisicho na kitako, akaingia katika maji yafikayo magotini au kiunoni, akakishindilia juu ya samaki, kisha akaingiza mkono kwa juu na kumtoa. Wengine walitumia chusa. Waliotaka kwenda mbali kidogo walifunga magogo ya mkoma pamoja yakawa chelezo, wakakisukuma kwa mti mrefu. Mashua ya mbao yenye tanga ilikuwa haijajulikana.

Waswahili wa pwani wana methali isemayo, "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu." Maana yake, mtu azungukaye ufuoni hakosi kitoweo. Methali hiyo ilizaliwa kando ya bahari ya Hindi, lakini ingaliweza kuzaliwa Lowarengak. Tajiri wa ng'ombe alimcheka maskini wa samaki. Lakini ukame ulipokuja, tajiri alishuka ufuoni akamkuta maskini angali hai.

Wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliliona ziwa hilo mwezi wa Machi 1888. Hao ni Count Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel. Vitabu vingi husema kwamba wao ndio waliolivumbua, lakini tukumbuke mambo mawili. La kwanza, watu walikuwa wakilivua kwa maelfu ya miaka. La pili, msafara huo ulitoka Pangani mwaka wa 1887, na mizigo yake ilichukuliwa na wapagazi wa pwani na Unguja. Na miongoni mwa viongozi wake alikuwamo Jumbe Kimemeta, mfanya biashara ya pembe za ndovu wa Pangani. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika kando ya ziwa hilo siku ile ile ambayo Teleki alilipa jina la mwana wa mfalme wa nchi yake, akaliita Rudolf. Jina hilo lilidumu mpaka mwaka wa 1975, serikali ya Kenya ilipoliita Turkana.

Katika miaka hiyo ya nyuma wataalamu wa Ulaya hawakujua Omo unaishia wapi. Wengine walidhani unakwenda kuungana na Naili. Mwitaliano Vittorio Bottego alifuata mto huo, na mwaka wa 1896 akafika mlangoni pake, na ubishi ukaisha. Siku hizo ziwa lilikuwa limejaa sana. Tangu hapo lilishuka kwa zaidi ya mita 10 katika muda wa miaka sitini hivi, kisha likapanda tena baada ya mvua kubwa za mwaka wa 1961. Maji yanaposhuka, tope la Omo husimama juu kuwa nchi mpya, yenye visiwa, vijito na majani. Maji yanapopanda, nchi hiyo humezwa. Kwa hiyo mlango wa Omo haukai mahali pamoja kama mlango wa nyumba. Hutembea, na watu hulazimika kuufuata. Kumbuka neno hili, kwa maana tutalirudia tutakaponena juu ya mpaka.

Utawala wa Waingereza uliingia katika nchi hiyo kwa nguvu. Mwaka wa 1918 majeshi ya kikoloni yaliwapiga Waturkana wa kaskazini, katika vita vilivyopewa jina la milima ya Labur, ambayo husimama upande wa magharibi wa Lowarengak. Mifugo wengi walitwaliwa, na watu wengi waliachwa bila kitu. Baadaye ukame uliwapiga mara kwa mara. Ukame wa mwaka wa 1960 na 1961 ulikuwa mkali hata watu walikusanywa katika kambi ili wapewe chakula. Hapo ndipo serikali ilipoona jambo ambalo maskini wa ufuoni walilijua siku zote, kwamba ziwa laweza kulisha watu. Mwaka wa 1961 mafundisho ya kuvua kwa nyavu za kutega yalianzishwa kwenye Ghuba ya Ferguson, karibu na Kalokol. Wavuvi wa Ziwa Viktoria, ambao kazi hii ni ya baba zao, walikuja wakaonyesha namna ya kufunga maboya na chubwi, kutega jioni na kutegua alfajiri. Mashua za mbao ziliingia. Chama cha ushirika cha wavuvi kiliundwa katika miaka hiyo ya 1960.

Ndivyo kazi iliyodharauliwa ilivyokuwa kazi ya heshima. Samaki walipasuliwa, wakatiwa chumvi, wakaanikwa juani, na kupakiwa katika malori kwenda Kenya ya magharibi, na wengine hata Kongo. Kijana wa Kiturkana aliyepoteza ng'ombe wake aliweza kununua mbuzi kwa fedha za samaki, na polepole akarudi katika ufugaji. Wengine hawakurudi tena. Walikaa ufuoni wakawa wavuvi moja kwa moja.

Lakini mafanikio yalizaa kosa, na kosa hilo lastahili kusomwa kwa makini. Mwaka wa 1976 ziwa lilitoa samaki karibu tani 17,000, na sehemu kubwa mno walikuwa ngege wa Ghuba ya Ferguson. Ghuba hiyo ina maji ya kina kifupi, na miaka hiyo ilijaa vizuri kwa sababu mto ulileta maji mengi. Watu walidhani hali hiyo ni ya daima. Kwa msaada wa nchi ya Norwe, kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki kwa baridi kilijengwa Kalokol, na kikamalizika mapema katika miaka ya 1980. Kugandisha samaki jangwani kunataka umeme mwingi na maji safi mengi, na vyote viwili vilikuwa adimu na ghali. Kiwanda kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Kisha mvua za Ethiopia zikapungua, ziwa likashuka, na kufika katikati ya miaka ya 1980 ghuba ikakauka. Palipokuwa na mashua pakachungiwa mbuzi. Waliojenga walikuwa na nia njema, lakini walilitazama ziwa bila kuutazama mto. Waswahili husema, "Maji hufuata mkondo." Samaki nao hufuata maji, na kiwanda cha mawe hakiwezi kuwafuata samaki.

Ghuba ilipokufa, mlango wa Omo haukufa. Maji yalipungua, lakini mto uliendelea kuingia pale pale kaskazini, na samaki waliendelea kukusanyika. Wavuvi wengi walielekeza mashua zao huko. Hilo ni jibu la pili.

Safari ya huko si mchezo. Usiku na asubuhi upepo mkali wa kusini-mashariki huvuma juu ya ziwa, na mawimbi yake yameangamiza mashua nyingi. Mnamo mwaka wa 1934 Waingereza wawili wa msafara wa Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini, wala hawakuonekana tena. Mvuvi mwerevu huujua upepo huo kama mchungaji anavyoijua njia ya kisimani. Yuko tena mamba, ambaye hupenda vijito vyenye matete, na nyavu zilizonaswa humo hutolewa kwa mikono. Walakini hatari kubwa kuliko upepo na mamba ni mwanadamu mwenzake.

Maana katika mlango wa Omo hawakai Waturkana peke yao. Wako Wadaasanach, ambao Waturkana huwaita Merile. Hao hulima kando ya mto baada ya furiko kupungua, hufuga ng'ombe katika majani ya delta, na maskini wao huvua samaki kama maskini wa Kiturkana. Mpaka kati ya Kenya na Ethiopia ulikubaliwa na wakubwa wa mbali mwaka wa 1907, na ukathibitishwa kwa mkataba baina ya nchi hizo mbili mwaka wa 1970. Ni mstari katika ramani. Lakini tumeona kwamba delta hutembea. Ziwa liliposhuka, nchi mpya ya tope ilisonga kusini hata ikavuka mstari huo, na wakaao juu yake walisonga pamoja nayo. Kwa macho ya mmoja, jirani ameingia katika nchi yake. Kwa macho ya mwingine, yeye hakuhama, bali ameyafuata majani na samaki wake kama babu yake alivyofanya. Wote wawili wana bunduki.

Matokeo yake yanajulikana. Mwezi wa Mei 2011 watu zaidi ya 20, wengi wao Waturkana, waliuawa katika eneo la Todonyang. Mwezi wa Februari 2025 wavuvi wa Kiturkana walishambuliwa majini karibu na mpaka. Baadhi yao waliuawa, na wengine hawakurudi nyumbani. Wadaasanach nao wamezika watu wao katika mapigano ya miaka mingi. Mara nyingi ugomvi huanza kwa jambo dogo, kama vile wavu ulioibwa au mashua iliyotekwa, kisha hulipizwa kwa roho ya mtu ambaye hakuuona wavu huo. Lowarengak huwapokea wajane na mayatima, na kesho yake mashua hutoka tena, kwa sababu watoto hawali matanga.

Siku hizi jambo jingine limeongezeka. Huko juu mtoni, Ethiopia imejenga bwawa la Gibe III, lenye ukuta wa mita 243, ili kupata umeme. Lilianza kujazwa mwaka wa 2015 na kuzinduliwa Desemba 2016. Nchi ile ina haki ya kutaka taa na viwanda kama nchi yo yote, wala si uungwana kuwanyima watu maendeleo kwa kuwa mto wao unapita kwetu. Lakini bwawa hubadili tabia ya mto. Mto ambao zamani ulijaa kwa ghafula na kupungua kwa msimu sasa hutiririka kwa kipimo. Jumla ya maji ya mwaka huenda isipungue sana; kinachopungua ni furiko lenyewe, lile linaloita samaki na kufunika majani. Wakati bwawa lilipokuwa likijazwa, ziwa lilishuka. Mwaka wa 2018 UNESCO iliziweka mbuga za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kisha mvua kubwa za mwaka wa 2019 na 2020 zikalipandisha ziwa tena hata nyumba za ufuoni zikaingiliwa na maji. Hivyo kizazi kimoja kimeona maji yakikimbia na maji yakifukuza.

Wale wavuvi wa samoni niliowataja wamekwisha kuyaonja mambo kama hayo. Katika Mto Columbia huko Marekani, bwawa la Grand Coulee lilimalizika mwaka wa 1942 bila njia ya samaki kupanda, na samoni wakakatwa na sehemu yote ya juu ya mto huo. Hasara hiyo haikurudishwa. Tena Marekani na Kanada ziligombana kwa miaka mingi juu ya nani anavua samoni wa nani, kwa sababu samaki azaliwaye katika mto wa nchi moja huvuliwa mbele ya pwani ya nyingine. Mwisho, mwaka wa 1985, zilitia sahihi mkataba wa samoni wa Pasifiki, zikaunda halmashauri ya pamoja ya kuhesabu samaki na kugawa uvuvi. Mkataba huo haukumaliza ubishi wote. Lakini ubishi wa mezani hauui mtu, na hesabu iliyofanywa na pande mbili huaminika na pande mbili.

Basi nimrudie mwanafunzi wangu. Wavuvi wa Lowarengak huenda kwenye mlango wa Omo kwa sababu huko ndiko ziwa linakopata maji yake, rutuba yake na samaki wake. Na kwa sababu historia imewafundisha kwamba ghuba hukauka, kiwanda hufungwa, ng'ombe hufa, lakini mlango wa mto huendelea kutoa kitu. Kama wangaliweza kuupata mlo huo mahali penye salama, wangaliuacha mlango huo zamani. Mvuvi anayekwenda huko si mjinga wala si mpenda vita. Ni mtu aliyepima njaa na risasi, akaona kwamba njaa ina hakika zaidi.

Kupima huko ni aibu yetu sisi tuliosoma. Mstari wa ramani hauwezi kuwazuia samaki, na risasi haiwezi kuongeza hata samaki mmoja katika wavu. Kinachoweza kusaidia ni maarifa na mapatano: kujua kimo cha ziwa na wakati wa furiko, kuambiana mapema maji yatakapofunguliwa huko juu, kukubaliana juu ya nyavu zenye matundu makubwa ili vifaranga wapite, na kuwapa wazee wa pande mbili, ambao mara nyingi wamekwisha kukaa pamoja na kupatana, nguvu ya kuyasimamia mapatano yao. Kazi hizo zinataka watu wanaojua hesabu, jiografia na historia, na wanaoweza kuzungumza na jirani kwa lugha anayoielewa. Watu hao hawapo wa kutosha leo. Baadhi yao, natumaini, wamekaa sasa hivi katika madawati ya Lodwar, Kakuma na Lokitaung, na katika madawati ya upande wa pili wa mpaka, wakisoma habari za mto mmoja.